Tangi la Marehemu

Kaka yangu alitumia umri wake wa kazi kusuluhisha vitu vitatu visivyopendana: gesi, mafuta na unga. Watu wakimuuliza anafanya nini kiwandani, alijibu, "Mimi ni mshenga." Walicheka, naye akacheka, kisha akaanza kuwaeleza, na hapo ndipo walipokumbuka kwamba wana safari.

Mimi sikuwa na safari. Tuliishi nyumba moja, yeye, mimi na mama, kwa hiyo nilielezwa mpaka nikaelewa. Kiwanda chao kinatengeneza mafuta ya kupikia ya mgando. Mafuta yakishakamuliwa kutoka kwenye mbegu huwa majimaji. Ili yagande, yanatiwa ndani ya tangi la chuma, yanapashwa moto, yanapulizwa gesi ya hidrojeni kutoka chini, na yanachanganywa na unga mweusi wa nikeli. Unga huo ndio kichocheo. Gesi na mafuta hukutana juu ya punje zake, na bila hizo vitakaa mwaka mzima kama wapangaji wasiosalimiana. Shida ni kwamba gesi inataka kupanda iende zake, unga unataka kuzama ulale, na mafuta hayataki kusumbuliwa. Kazi ya anayechora tangi ni kuvilazimisha vyote vikutane juu, chini na katikati, kwa pamoja. Yeye ndiye anayeamua tangi liwe pana au refu, mapanga ya kukoroga yawe mangapi na yakae wapi, gesi iingilie wapi, na viputo vyake viwe vidogo kiasi gani.

"Kiputo kidogo kina adabu," kaka alikuwa akisema mezani. "Kinakaa, kinasikiliza, kinaulizia na hali ya watoto. Kiputo kikubwa ni mgeni mwenye kiburi. Kinapita sebuleni mbio, kinatokea mlango wa nyuma, hata maji hakijanywa."

"Na mafuta yangu ya kupikia nayo yametokea mlango wa nyuma?" mama alimuuliza. Maana kaka alikuwa na chupa ndefu za kioo pale kwenye sinki, na pampu ndogo ya kuwapa samaki hewa, na kila chupa ilijaa mafuta ya mama na vumbi la mkaa.

"Ni utafiti, mama."

"Basi utafiti ujinunulie mafuta yake. Mimi nimezaa mhandisi, sikuzaa taa ya kibatari."

Lakini mgeni akija, mama alimpeleka kwanza kwenye sinki, akamwonyesha zile chupa kabla hata hajamkaribisha kiti.

Tangi la zamani la kiwanda lilikuwa fupi na nene, kama mtu aliyeridhika na maisha. Kaka alilipenda. Likaja kuwa dogo kwa kazi, na Mkurugenzi akataka jipya. Kaka akachora jingine fupi na nene, ila kubwa zaidi. Mkurugenzi aliutazama mchoro, akautazama ukuta wa kiwanda, akauliza, "Sasa hili litaonekana barabarani?"

"Halitaonekana, Mkurugenzi. Litaganda mafuta."

Kiwanda cha jirani kilikuwa na kitu kirefu cha kung'aa kilichoonekana tangu kwenye mzunguko wa barabara. Mkurugenzi alikipita kila asubuhi akienda kazini, na kila asubuhi kilimchoma. Baadaye sana tulikuja kujua kwamba lilikuwa tangi la maji. Wakati ule hakuna aliyeuliza. Likatoka agizo: mchoro wa tangi la zamani unyooshwe mara nne kwenda juu, mengine yote yabaki kama yalivyo. Kama dogo lilifanya kazi, refu litafanya zaidi.

Kaka hakuwa mtu wa kugombana. Alichukua chupa yake ndefu kuliko zote, akaijaza mafuta na vumbi la mkaa, akafunga panga moja dogo chini, akaibeba mpaka ofisini kwa Mkurugenzi amwonyeshe kosa kwa macho. Mkemia alikuwepo. Huyu ni binti wa maabara, alifanya kazi na kaka miaka mingi na akamzoea kama ndugu, na ndiye aliyetusimulia. Kaka aliwasha pampu. Hewa ikaingia kwa viputo vidogo, vikashikana njiani vikawa vikubwa, vikapanda katikati ya chupa kwa kishindo na kupasuka juu. Vumbi likalala chini kama masimbi ya kahawa. Mafuta ya juu yakabaki meupe, safi, hayajaguswa na chochote.

Mkurugenzi akatoa simu akaanza kupiga video. "Tazama linavyochemka! Hii ina nguvu, Mhandisi!"

"Hiyo ndiyo hasara yenyewe, Mkurugenzi. Gesi inatoroka."

"Wewe elimu imekuzidi mpaka hujui kufurahi," Mkurugenzi akamwambia kwa upole, kisha akaituma ile video kwa wajumbe wa bodi.

Kaka akaondolewa kwenye kazi ya tangi, akapewa kusimamia mabomba ya maji taka. Ndani ya mwaka ule figo zake zikaanza kumsumbua. Tangi lilipanda kila wiki, naye kila wiki alipungua. Akiwa kitandani aliomba ubao na karatasi, akaanza kulichora lile tangi refu, lile lile alilolikataa. Aliweka mhimili mrefu wenye mapanga ngazi kwa ngazi, pete ya matundu madogo chini ili gesi iingie ikiwa imesagika, na mabamba ya kusimama ukutani ili mafuta yasizunguke tu kama watoto kwenye bembea. Akapiga mstari pale mafuta yanapopaswa kuishia. Juu ya mstari aliandika neno moja: tupu.

"Si walikukatalia?" nilimuuliza.

"Walinikatalia mimi," akasema. "Tangi lina kosa gani? Halikujipa urefu."

Mkemia aliipeleka michoro kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alishukuru, akaiweka kabatini, akafunga.

Kaka alifariki kabla tangi halijapakwa rangi. Mkurugenzi alikuja mazikoni na magari matatu, akaomba kusema neno. Alisema kiwanda kimepoteza nguzo. Alisema marehemu alilipenda tangi jipya kama mwanawe wa kumzaa, na usingizi wake wa mwisho aliulala akiliota. Mkemia akashikwa na kikohozi, ikabidi wanawake wamtoe nje. Mkurugenzi akasubiri atolewe, kisha akatangaza kwamba tangi hilo litabeba jina la marehemu milele. Watu wakaitikia. Maiti haulizwi sanda. Kaka alivikwa kilemba cha ukoka akiwa hana namna ya kukivua.

Mimi nilitazama chini. Mama aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba ulipoingia kumwona akiinua uso, na kwa ajili hiyo nilinyamaza.

Siku ya uzinduzi mama ndiye aliyekata utepe. Kulikuwa na dirisha dogo la kioo kinene ubavuni mwa tangi, na wageni walipanga foleni kuchungulia. Ndani viputo vilipanda vikubwa vikubwa, kwa kishindo. Watu wakapiga makofi. Mama naye akachungulia, akakaa pale kwenye kioo kwa muda mrefu, kisha akaondoka akijifuta macho. Nikadhani ni machozi. Chini ya dirisha kilifungwa kibao cha shaba: jina la kaka, la baba na la babu, yote matatu kwa herufi kubwa.

Tangu hapo kila wiki mama alivaa vizuri akaenda kukiona. Mlinzi wa getini alimtolea kiti. Wapita njia waliosimama kidogo tu waliambiwa lile pale ni la mwanangu.

Sasa mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kipo mkabala na kiwanda. Nashona ovaroli mpya na kuziba za zamani, kwa hiyo habari za kiwanda hunifikia pamoja na matundu yake. Haukupita muda, wafanyakazi wawili wa zamu ya asubuhi wakaja kuchukua nguo. Hawakuniona, nilikuwa nimeinama nyuma ya mashine natafuta sindano.

"Leo Marehemu vipi?"

"Marehemu amegoma. Juu uji, chini jiwe."

"Jana si mlimwamsha vizuri?"

"Tulimwamsha, akapandisha joto, akatema. Fundi mkuu kasema Marehemu huyu hata aombewe haponi."

"Mwenzangu, kopo moja mteja anamimina kama maji, la pili analichonga kwa patasi. Wanarudisha malori mazima. Wanasema wamechoka na Marehemu wetu."

Nikainuka. Waliponiona, yule mrefu akaivaa ovaroli aliyokuja kuichukua, kichwa kikatokea kwenye mkono. "Fundi, samahani. Sisi tunasema tangi."

"Najua," nikasema. "Tangi nalo lina jina."

Tulimzika kaka mara moja. Kule kiwandani alikuwa akifa kila zamu.

Hilo ningeweza kulivumilia, maana wafanyakazi hutania kila kitu, na kaka mwenyewe angecheka. Lakini Mkemia alikuja kibandani siku iliyofuata, akakaa kwenye kiti cha wateja bila nguo ya kushona.

"Dada, jana tulikuwa na kikao na wanunuzi. Wamekasirika. Unajua Mkurugenzi kawaambia nini?"

"Niambie."

"Kasema kiwanda kinamheshimu sana marehemu, ila mchoro wake, kwa bahati mbaya, ulikuwa na kasoro. Kwamba hawakutaka kuugusa kwa kumwogopa Mungu na kuionea huruma familia. Kisha akawaonyesha kibao. Jina hilo hapo, nani abishe?"

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilikohoa." Akafuta macho kwa kitambaa cha mteja. "Nimechoka kukohoa, dada. Wanunuzi wameanza kulitaja jina lake huko kwao. Mhandisi yeyote akikosea, wanasema amefanya kama fulani."

Basi nikawa na mambo mawili mkononi, na ilibidi moja lidondoke. Kibao kikibaki, kaka anakuwa mtu aliyeharibu. Kikitoka, mama anapoteza kiti chake pale getini, na sikujua kama amebaki na kiti kingine popote.

Nilimwambia jioni ile tukichambua mchele. Nilimwambia yote, na kikohozi cha Mkemia pia. Hakupaza sauti.

"Kwa hiyo unataka wamtoe mwanangu."

"Nataka wasimsingizie, mama."

"Wewe tangu mdogo hukupenda apewe kitu." Akasukuma ungo. "Amekufa, na bado."

Neno hilo lilinikaa kifuani. Tulichambua mpaka mchele ukaisha, tukaanza tena kuuchambua ule ule uliokwisha kuwa safi. Mwishowe akasema, bila kunitazama, "Mimi nilichungulia kwenye kile kioo siku ya sherehe. Niliwaona wageni wenye kiburi wakipita mbio. Nikajisemea labda macho yangu ya uzee."

Asubuhi akavaa kama anavyovaa akienda getini, akanitaka tufuatane, ila safari hii alipita kwenye kiti cha mlinzi akaendelea mpaka ofisini.

Tulimkuta Mkurugenzi na Mwenyekiti wa bodi, mzee mmoja mkavu, mpole, asiyependa harufu ya mafuta. Alikuwa amekuja kwa sababu ya malori yaliyorudi. Dirisha la ofisi lilitazama tangi lote, kuanzia kibao mpaka kileleni.

"Shikamoo, Mama," Mkurugenzi akainuka.

"Marahaba, baba. Hujambo? Na huyu ndiye mkubwa wako? Vizuri, nimebahatika." Mama akakaa, akapanga khanga yake magotini. "Mimi nimekuja kushukuru. Mwanangu mmempa heshima ya kutosha. Sasa nimekuja kumwombea ampishe mwenye haki yake."

"Haki ipi, Mama?"

"Si wewe uliyelipa lile tangi urefu? Mwanangu alilitaka fupi. Nyumbani kwangu alinung'unika mpaka wali ukapoa. Wewe ndiye uliyeona mbali, ukasema lipande. Halafu sifa zote akapewa yeye! Mimi ni mzazi, baba. Siwezi kula sifa ya mtoto wa mwenzangu. Litoke jina lake, liwekwe lako."

Mkurugenzi akacheka kidogo. "Mama, hapana, hapana. Mimi si mtu wa kupenda makuu."

"Ndiyo maana unastahili."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Alilitaka fupi?" akauliza.

"Fupi na nene," mama akasema. "Kama mimi."

"Sikulijua hilo." Mwenyekiti akamgeukia Mkurugenzi, macho yake yakiwa na nia njema kabisa, na hapo ndipo hatari ilipokuwa. "Huyu mama anasema haki. Tumekuwa wachoyo kwako. Jina lako liandikwe, herufi kubwa. Nitawaalika wanunuzi wote, na mawaziri wawili ninaowafahamu. Mwezi ujao unakufaa?"

Niliwahi kuona mafuta yakibadilika rangi kwenye chupa za kaka. Sikuwahi kuona uso ukifanya hivyo kwa haraka vile.

"Mwezi ujao... tangi bado lina marekebisho madogo madogo."

"Marekebisho gani?"

"Ya kawaida. Ya... mapanga."

"Ukubwa ni jalala, baba," mama akasema kwa huruma. "Zuri na baya yote yanatupwa kwako. Likiganda watasema ni wewe. Lisipoganda pia watasema ni wewe. Lakini wewe ni mwanamume, utalibeba."

Mkurugenzi alilitazama tangi dirishani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alilitazama tangi lenyewe, si jinsi linavyoonekana. Akabonyeza simu ya mezani akamwita Mkemia.

"Ile michoro," akamwambia alipoingia, sauti ikiwa ndogo, "ile ya mwisho. Iko wapi?"

"Ipo kabatini, bosi, hapo hapo nyuma yako. Ulipoiweka."

Pesa ambazo hazikuwahi kupatikana zikapatikana kabla ya Ijumaa. Tangi likazimwa, likafunguliwa kifuniko, ukaingizwa mhimili mrefu wenye mapanga ngazi kwa ngazi. Wakachomelea mabamba ukutani, wakaweka pete ya matundu chini. Mkurugenzi alishinda pale na kofia ya chuma, akikagua kila bolti kama mtu anayejengewa kaburi lake mwenyewe na asiyetaka livuje. Mkemia alisema hajapata kumwona mtu akiiheshimu michoro ya marehemu namna ile. Palipoandikwa sentimita, alipima kwa milimita. Kwenye ule mstari tu ndipo alipogoma kidogo. Hakutaka kusikia kwamba sehemu ya juu itabaki bila mafuta, maana hiyo ndiyo inayoonekana barabarani. Mkemia akamwambia chaguo ni lake, na jina pia ni lake. Akakubali.

Kibao cha kaka kikafunguliwa, mlinzi akatuletea nyumbani kimefungwa kwa gazeti. Jina la Mkurugenzi halikuwekwa kwenye kibao. Liliandikwa kwa rangi nyekundu kule juu kabisa, herufi ndefu kama mtu, lisomeke tangu kwenye mzunguko. Lipo hadi leo. Lipo juu ya ule mstari.

Tulialikwa sherehe ya pili, kadi ikaletwa na dereva. Mama akasema kichwa kinamuuma. Nikafungua kibanda kama kawaida, naye akaja kukaa nami akiniondolea nyuzi kwenye nguo zilizokwisha. Tulisikia bendi, kisha vipaza sauti, kisha Mwenyekiti akimsifu mtu aliyeona mbali. Mama aliendelea kuvuta nyuzi.

Watu walipoanza kutawanyika, Mkemia alivuka barabara akikimbia, koti jeupe la maabara limemwagikiwa soda. Alishika mlango wa kibanda, hana pumzi.

"Yameganda," akasema. "Mama, yameganda."

Mama hakuinuka. "Juu na chini?"

"Juu na chini, sawasawa. Tumechota ngazi zote."

"Na viputo?"

"Kwenye kioo havionekani hata kimoja. Ni ukungu tu, kama maziwa. Wageni wamelalamika hakuna cha kutazama."

Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akaikunja ile ovaroli aliyokuwa nayo, akaipiga kofi mara moja kuilainisha, akaniwekea mezani.

"Basi," akasema. "Nipe nyingine."